Toa Uchungu wa Shubiri

Kabla sijaiona niliisikia. Nilikuwa nje ya ghala, jua la Bunda limenikalia utosini, mkononi nina mfuko wa sato wa kukaanga niliotoka nao Musoma, na nyuma ya mlango wa bati kitu kikapuliza. Hakikulia wala hakikunguruma. Kilipuliza pumzi moja ndefu, nene, yenye hasira, kikanyamaza, kikaanza tena. Mtu aliyekulia Mara haambiwi maana ya mlio huo. Ni nyoka kifutu, amejikunja, amevimba, anakupa onyo ambalo hatalirudia. Niliweka samaki chini nikaokota jiwe.

"Ingia, mjinga wewe," dada yangu akasema kutoka ndani. "Naachia gesi tu."

Niliingia na jiwe langu. Katikati ya ghala, mahali ambapo zamani marobota ya pamba yalipangwa mpaka karibu na paa, palisimama chuma. Bomba nene kama paja la mtu mzima, lenye vifuniko vya kukaza kwa bolti juu na chini. Pampu iliyotetemeka sakafuni. Mtungi mrefu wa kijivu. Na mirija ya chuma iliyopinda huku na huku kama matumbo ya mbuzi aliyechinjwa sasa hivi. Mwisho wa mirija yote kulikuwa na koki, na kwenye mdomo wa koki palikuwa na barafu. Barafu, Bunda, mchana ule. Niliichukia mashine ile palepale, jinsi unavyomchukia mgeni aliyeingia akakalia kiti cha marehemu.

Ghala lilikuwa la babu. Baba alilirithi akalijaza pamba msimu baada ya msimu, hadi pamba ilipomchosha, likabaki na popo. Alipofariki, neno la mwisho juu ya ghala likawa la shangazi yetu, dada mkubwa wa baba, anayeishi Buswahili kule Butiama, kwa sababu katika watoto wa babu ni yeye peke yake aliyesalia. Na shangazi hakutaka dada yangu awemo humo hata kwa siku moja.

Dada alikuwa nchi za watu akisomea kemia ya mimea wakati baba anaugua. Alifika udongo wa kaburi umeshakauka na kupasuka. Sisi wengine tulikuwa tumelia mpaka sauti zimekatika. Yeye alisimama pale, macho makavu, akauliza baba alipewa dawa gani, na kwa kipimo gani. Shangazi alisikia. Tangu siku hiyo hakumtaja tena kwa jina alilompa yeye mwenyewe utotoni. Alimwita "yule wa kipimo".

Sasa yule wa kipimo alikuwa ameazimwa mashine na chuo alichosomea, kwa sharti kwamba aifunge mahali pamoja pa kudumu, penye sakafu ya zege, umeme mkubwa na mlango unaofungika. Katika mali yote ya ukoo wetu, mahali hapo ni ghala lile tu. Akifukuzwa humo, mashine inafunguliwa bolti na kurudi ilikotoka, na miaka yake yote ya kusoma inakwenda nayo.

"Sina pengine," aliniambia huku akimtoa sato miiba kwa vidole vyenye harufu ya tangawizi. "Wakinitoa humu nimekwisha. Umeelewa? Nimekwisha."

Nilielewa. Nilielewa pia kwamba hakuniambia asante kwa samaki.

Alinieleza kazi ya mashine kwa sauti ya mwalimu aliyechoshwa na darasa. Gesi yenyewe ni ile ya soda, ile inayokupanda puani ukinywa kwa pupa. Ukiibana sana, sana, na kuipasha joto kidogo tu, kiasi cha maji ya kumwogeshea mtoto, inafika mahali inaacha kuwa hewa na haikubali kuwa maji. Inakuwa kitu cha katikati. Inapenya kwenye unga wa majani kama hewa, na inabeba vitu kama maji. Inatoka na mafuta ya tangawizi, harufu ya mchaichai, ukali wa pilipili. Halafu ukifungua koki na kuiondolea presha, inarudi kuwa hewa, inaangusha mzigo wake kwenye chupa, na yenyewe inakwenda zake ikipuliza.

"Kwa hiyo inayeyusha," nikasema.

"Kuyeyuka ni barafu na samli. Huku ni kumumunyika. Pipi mdomoni unaiyeyusha au unaimumunya?"

"Naimumunya."

"Haya. Gesi inamumunya. Lakini haimumunyi kila kitu. Ina uchaguzi kama bibi harusi wa kwenu. Mafuta inayataka. Sukari, chumvi, vitu vinavyopenda maji, haivitazami. Vitabaki kwenye makapi hata ubane mpaka chuma kipasuke."

Alinikataza kukaa sakafuni kwa sababu gesi ile ni nzito, inalala chini kama maji na kumnyima mtu pumzi. Madirisha yote yalikuwa wazi. Nilikula nimesimama, nikasafiri kurudi Musoma na jiwe langu mfukoni, nimesahau kulitupa.

Kikao cha ukoo kilifanyika Buswahili, uani kwa shangazi. Kulikuwa na ugali wa udaga, wa muhogo uliochachushwa, na mboga ya mlenda, na hakuna aliyekula kwa furaha. Shangazi ni mwanamke mrefu asiyeegemea kiti. Ni mpishi wa shubiri. Anakata majani yake manene yenye miiba, anakinga utomvu wa manjano unaotoka chini ya ganda, anauchemsha kwa kuni mpaka unakuwa donge jeusi, linalong'aa kama lami. Watu wa malaria, watu wa tumbo, watu wa minyoo, wanamfuata kutoka Murangi na wengine kutoka Kibara. Mama zetu wote waliachishia watoto ziwa kwa shubiri ya mikono yake, kwa kuipaka kwenye chuchu, na mtoto akija kunyonya anakutana na dunia.

"Nasikia mmefuga nyoka kwenye ghala la baba yangu," alianza.

"Ni mashine, shangazi," dada akasema.

"Inafanyaga nini?"

"Inatoa vitu kwenye majani na mizizi. Chochote kilichomo."

"Kutoa, hata mimi natoaga. Sufuria na kuni."

"Sufuria inaunguza, shangazi. Hii haiunguzi."

"Nimemuunguza nani mimi? Simama, sema. Hapa nani ameungua?"

Watu wakacheka. Dada hakucheka. Ana tabia ya kungoja kicheko kiishe kama mtu anayengoja mvua ipite ili aendelee na safari yake, na hakuna kitu kinachoudhi watu wa kwetu kama hicho.

"Wewe huna uchungu," shangazi akamwambia, na sasa hakuna aliyekuwa akicheka. "Mtu mwenye uchungu na nyumba yake anaonekana. Kaka yangu amekufa, umekuja na kipimo. Haya. Leo kipimo natoa mimi." Akanyoosha mkono akavuta gunia lililokuwa nyuma yake, akalimwaga. Majani ya shubiri yakaanguka uani, yamevimba, miiba pembeni, yakitoa jasho la manjano kwenye vidonda vya kisu. "Nimeyakata mwenyewe asubuhi. Toa uchungu wake kwa hilo dude lako. Ukiutoa, ghala ni lako, na mimi sitasema tena. Ukishindwa, toa chuma chako kabla msimu wa pamba haujafunguliwa, maana kuna wanunuzi wameshaniuliza."

"Nitautoa," dada akajibu, haraka mno, na akatabasamu.

"Mmesikia wote," shangazi akasema.

"Tumesikia," ukoo ukaitikia.

Njiani kurudi Bunda dada alikuwa na furaha mbaya. Alilishika gunia mapajani kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. "Amenipa mtihani rahisi kuliko yote," akasema. "Angenipa tangawizi ningehangaika. Shubiri! Unajua uchungu wa shubiri ni nini? Ni kitu kimoja kilichoshikana na sukari. Kweli kabisa. Kimebeba sukari mgongoni, kwa hiyo kinapenda maji, kwa hiyo gesi haikigusi. Kitakachotoka ni nta na mafuta kidogo na harufu. Uchungu hata chembe hautakuwemo. Nitamwekea mbele yake shubiri isiyo na uchungu, mtoto mchanga anaweza kuilamba. Halafu tuone atasema nini."

Mimi nilikuwa nimeshikwa na ile sukari. Niliitazama milima inapita, nikiwaza kwamba kitu kichungu kuliko vyote tunavyovijua kina utamu mgongoni, na kwamba ni utamu huo unaokifanya kisitoke. Nilidhani nimepata riwaya. Kazi yangu ni maneno, na neno lililokuwa mbele yangu sikuliona.

Kazi ya kuandaa ilikuwa ya kuchukiza. Shubiri ina maji mengi kuliko samaki, na mashine haitaki maji. Tuliyakata majani vipande vyembamba, tukayaanika juu ya bati kama michembe ya viazi, tukayageuza, tukayatwanga yakawa unga. Uchungu uliingia kila mahali. Uliingia kwenye kucha. Nilifuta jasho mdomoni kwa mkono, ugali wa mchana wote ukawa shubiri. Nilinawa kwa sabuni, nikanawa kwa majivu, nikamega tonge, likawa shubiri tena. Dada alikula vizuri tu, amevaa glavu. Hakuwa ameniambia kwamba glavu zilikuwa jozi mbili.

"Hukuuliza," akasema.

Tulipoanza kujaribu, nta haikutoka. Nilimwambia aongeze moto. Chai ikigoma kukolea unaongeza moto, nani hajui?

"Ukiongeza moto kwenye presha hii gesi inazidi kuwa nyepesi, na ikiwa nyepesi haibebi kitu," akafoka. "Ongeza presha kwanza. Rudi Musoma ukaandike mashairi."

"Siandiki mashairi."

"Ungejuaje? Hata unachoandika hukielewi."

Alipandisha presha, nta ikatoka. Nilimchukia kwa kuwa sahihi. Nilimchukia zaidi kwa sababu nilienda Musoma kweli, siyo kuandika, bali kumletea mtungi mwingine wa gesi, na muuzaji akanitazama juu mpaka chini akaniuliza, "Mnachomelea au mnatengeneza soda?" Nikamwambia tunatengeneza shubiri. Akaniambia shubiri ya gesi basi itamfanya mgonjwa acheue mpaka pepo wabaya watoke. Nilipakia mtungi bila kumuaga.

Shangazi alikuja Bunda siku ya Jumapili. Jumamosi hatoki, yeye anashika Sabato. Alivaa gauni lake la kitambaa kizito na viatu vya kufunika, akaingia, akaliangalia paa la baba yake kwa muda mrefu kabla hajaitazama mashine. Kisha akajishusha kukaa kwenye ukingo wa chini wa zege.

"Shangazi, usikae chini hapo," dada akasema. "Gesi inalala chini."

"Hata pa kukaa unaninyima?"

"Nimekuwekea kiti."

"Kwenye ghala la baba yangu nakaribishwa kiti." Lakini alihamia kwenye kiti, akakaa bila kuegemea.

Dada alijaza unga kwenye kikapu cha chuma, akakishusha ndani ya bomba, akakaza bolti. Pampu ikaanza kutetemeka. Shangazi alitazama bila kupepesa. Koki ilipofunguliwa na gesi ikapuliza, mimi, niliyekwisha kuizoea, niliruka. Yeye hakusogea. Alisema tu, "Mpumbavu huyu anaringa." Alikuwa akizungumza na mashine.

Kwenye chupa kikajikusanya kitu cheupe chenye umanjano, laini kama mafuta ya ng'ombe yaliyoganda. Dada alikichota kwa kijiko, akampelekea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayesubiri kupigiwa vigelegele.

Shangazi akaweka ulimini. Akangoja. Akameza mate. Akangoja tena.

"Hii ni nini?"

"Ni shubiri, shangazi. Uchungu nimeutoa."

"Uko wapi?"

"Umebaki huko ndani, kwenye makapi."

"Umeutoa au umeuacha?"

Shangazi aliinuka, akaenda mwenyewe kwenye bomba, akaagiza lifunguliwe. Dada akafungua. Shangazi akachovya kidole kwenye unga, akalamba, na uso wake wote ukakunjamana kwa kuridhika, kama mtu aliyekutana na ndugu yake sokoni.

"Huu hapa," akasema. "Upo wote. Nyoka wako ameupita hajausalimia. Dawa yote iko kwenye makapi, na wewe umenilisha mafuta ya kupaka."

"Ulisema nitoe uchungu!"

"Nilisema utoe."

"Nimeutoa! Onja hiyo, uchungu haumo!"

"Ng'ombe ukimkamua unatoa maziwa ili uyamwage?"

"Na mwiba ukiutoa mguuni unauweka kwenye chupa?"

"Mwiba sio dawa, wewe msomi! Uchungu ndio dawa! Mtu wa Murangi anafunga safari, anakuja kwangu kufuata nini? Harufu?"

Hapo ndipo nilipolisikia lile neno, limechelewa, kama mtu anayesikia jina lake baada ya basi kuondoka. Unatoa mawe kwenye mchele ili uyatupe. Unatoa maji kisimani ili uyanywe. Neno ni lilelile, na ukoo mzima ulikuwa umeitikia "tumesikia". Nilicheka. Haikuwa nia yangu. Wote wawili walinigeukia kwa pamoja, pua zilezile za ukoo wetu zimetanuka.

"Unacheka nini wewe wa hadithi?" shangazi akauliza.

"Mtoe nje huyu," dada akasema.

Sikutoka. Dada alishika kingo za bomba kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza tangu arudi nilimwona anaogopa. Alikuwa akilitazama ghala: sakafu, swichi kubwa ya umeme ukutani, mlango. Kisha akasema, polepole, kwamba kuna njia. Ikiwa shangazi anautaka uchungu kwenye chupa, utakuja. Gesi peke yake haiwezi kuubeba, lakini ukiipa mwenzake anayeelewana na vitu vinavyopenda maji, ukamchanganya humo kidogo, atausindikiza uchungu mpaka nje.

"Mwenzake nani?"

"Spiriti, na maji kidogo."

"Spiriti ya taa?"

"Hapana, shangazi. Pombe. Safi kabisa, ya maabara."

Shangazi hanywi pombe, hauzi pombe, haketi meza moja na pombe. Dawa ya kikohozi ya dukani anampa mtu amsomee kabla hajameza, isije ikawa nayo. Dhehebu lake limemkataza, lakini hata lisingemkataza, gongo ndiyo iliyomzika mumewe, na alimwosha mwenyewe.

"Pombe haiingii kwenye ghala la baba yangu," akasema.

"Hukusema hivyo kwenye kikao. Ulisema nitoe uchungu kwa mashine yangu. Hukusema mashine ile nini na isile nini. Ukoo ulikuwepo."

Nilidhani shangazi atampiga. Lakini yule mwanamke, kwa ukali wake wote, hajawahi kulirudisha neno lake mfukoni likishatoka. Alirudi kwenye kiti.

"Sikusema," akakiri. "Weka. Niko hapa natazama."

Dada hakutumia sehemu ya unga. Aliurudisha wote ndani ya bomba, uliotumika na uliobaki, ili asikosee tena. Akaunganisha chupa ya spiriti kwenye pampu ndogo. Harufu ikatujia, kali na baridi, na shangazi akavuta kitenge chake cha begani akaziba pua. Alikaa hivyo mpaka mwisho. Tone la kwanza lilikuwa jeupe kama yale ya mwanzo. Halafu rangi ikaanza kuingia: manjano ya kiini cha yai la kanga, kisha kahawia, kisha rangi ya chai ya jana. Dada aliinama juu ya chupa, na nilisikia akisema kwa sauti ndogo, siyo kwetu, "Njoo. Njoo basi." Sikuwahi kumsikia akibembeleza kitu chochote.

Alikiweka kile alichopata kwenye bakuli juu ya maji ya moto, akakikoroga mpaka harufu ya spiriti ikaisha kabisa, ikabaki dawa nzito inayong'aa. Akachota. Akaja na kijiko kwa mikono miwili.

Shangazi hakukipokea.

"Imeshapaa, shangazi. Nakuapia. Hakuna hata tone."

"Ikipaa inakwendaga wapi?"

"Hewani."

"Na kabla haijapaa ilikuwa wapi?"

Dada alikitazama kijiko.

"Ilikuwa kwenye shubiri yangu," shangazi akasema. "Imeshaigusa."

"Sasa utajuaje kama nimeutoa?"

Shangazi alinielekezea kidole bila kunitazama. "Huyu ataonja. Huyu hana dini."

Nina dini. Haikuwa saa ya kubishana. Nilichukua kijiko nikalamba, kidogo tu, nikijua watu wawili wanautazama uso wangu kama wachezaji wanavyomtazama refa. Mwanzoni hakukuwa na kitu. Kisha uchungu ukafika, ukakaa nyuma ya ulimi, ukashuka kooni, ukapanda masikioni. Haukuwa kama ule wa kwenye kucha na ugali. Ule ulikuwa umechanganyika na jani, na jua, na jasho. Huu ulikuwa peke yake. Nilikohoa, nikajishika kwenye ukuta, machozi yakanitoka bila ruhusa na kunidondokea kifuani.

Shangazi aliniangalia hadi nilipomaliza. Kisha akamgeukia dada yangu, aliyesimama wima, macho makavu.

"Angalau mmoja wenu ameutoa," akasema.

Dada aliliweka bakuli chini taratibu. "Nililia, shangazi. Nililia kule nilikokuwa. Chumbani, miezi. Hukuwepo."

"Nani alikusikia?"

"Hakuna."

"Msiba hauliliwi chumbani. Mimi nilikuwa na kaburi la kaka yangu, na macho yako yananikagua kama nesi wa zamu."

"Nilitaka kujua kilichomuua."

"Na ukishajua?"

Nilitaka dada amwambie chochote, hata tusi, hata uongo, kitu chenye joto. Alichofanya ni kukichukua kijiko nilichokilamba, akakifuta kwa kitambaa, akakiweka mahali pake kwenye droo.

Shangazi alisimama, akanyoosha gauni.

"Neno langu ni neno," akasema. "Nilisema ukiutoa ghala ni lako. Umeutoa. Uso wa huyu umesema, na mimi siubishii uso. Nitawaambia wanunuzi wa pamba watafute pengine." Akameza mate. "Lakini umeutoa kwa kitu kilichozika mume wangu, ndani ya kuta za baba yangu, mimi nikiwa nimekaa. Humu sitaingia tena. Ukiugua usiniite. Nikiugua usije. Hiyo dawa wape wanaoitaka."

"Sawa, shangazi," dada akasema.

Sawa! Hilo tu. Nilitamani kumtikisa.

Shangazi alivuka ghala, akasimama kwenye kizingiti, akageuka. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na kwa kushuka huko ilikuwa mbaya zaidi. "Nipe basi ile niliyokuletea. Ule unga wa kwanza, uliobaki, ambao haujaguswa na pombe. Nitauchemsha nyumbani. Nilikata majani yale kwenye boma la kaka yangu, yale aliyoyapanda mwenyewe. Shina lile limeshakauka. Sina mengine yake."

Hakuwa amesema hivyo kwenye kikao. Mimi nilimtazama dada. Dada alilitazama bomba, na kikapu cha chuma ndani yake, na unga uliolowa, uliotoa kila kilichokuwemo.

"Haupo, shangazi," akasema. "Niliurudisha wote. Ndicho hiki kwenye bakuli."

Shangazi aliliangalia bakuli kwa mbali. Kulikuwa na hatua chache tu kati yake na lile bakuli. Alilitazama kama mtu anavyomtazama maiti ambaye amekatazwa kumwosha. Kisha akashuka kizingiti akaenda zake kuelekea barabarani, mrefu, mkono mmoja ukishikilia kitenge puani ingawa nje kulikuwa na upepo na hapakuwa na harufu ya kitu chochote.

"Mwite," nikasema. Koo langu lilikuwa bado chungu. "Mwite basi."

Dada alikwenda mpaka mlangoni. Alisimama hapo, mkono kwenye bati, akimtazama akipungua. Niliuona mgongo wake ukipanda na kushuka mara kadhaa, kwa nguvu, bila sauti. Kisha akauvuta mlango, akaufunga.